Ramani Nyuma ya Risiti

Jina langu Mgeni. Ndiyo, Mgeni,
usicheke, kibati hiki kifuani hakikukosewa:
bibi yangu mzaa baba aliitwa Mgeni,
nami nimekaa nyuma ya meza hii ya Kiponda
mwaka wa saba sasa, napokea wageni.

Ikifika saa kumi na mbili unusu wanashuka,
nywele bado mbichi, wananukia sabuni yetu,
na swali ni lile lile: wapi tule, karibu na hapa?
Karibu. Neno hilo huku halina mita.
Karibu ni kona nne, na kona ya tatu
hupinda ikakurejesha ulikotoka.

Basi nageuza risiti, nachora.
Sichori njia, njia zetu hazichoreki.
Nachora vitu: mlango uliopungukiwa na njumu tatu,
fundi cherehani anayelala mdomo wazi,
bomba linalovuja tangu kabla sijaolewa.
Hapo kata kushoto. Ukisikia vitunguu
vinakaribia kuungua, huyo ni Bwana Shaali;
mwambie umetumwa, atakupa chatne ya pili.

Juu ya paa la jirani kuna meza zenye mishumaa,
sahani moja ya kamba ni mshahara wangu wa wiki.
Huko nawapeleka walio kwenye fungate,
hao hawasomi bei.

Na baa?
Wakiuliza baa hushusha sauti
kama wanaoulizia hali ya mgonjwa. Nami nashusha yangu,
naonyesha kwa kidevu: upite msikiti kwanza,
kisha mlango wa pembeni, penye taa ya buluu.
Sijawahi kuingia. Ila najua ngazi zake ni kumi na moja,
maana kila anayerudi na goti lililochubuka
hunilalamikia ile ya kumi na moja.

Ijumaa ile alishuka Bi Tusekile,
mwalimu wa hesabu kutoka Tukuyu, peke yake,
siku tatu za mapumziko alizozidunduliza mwaka mzima.
Nikamaliza ramani, nikampa. Akaitazama
kama daftari la mwanafunzi, akatafuta kosa.
"Na wewe unakula wapi?"

Kalamu ikasimama.
Miaka saba nachora, Shangani mpaka Malindi,
na Darajani ndipo karatasi inapoishia.
Ng'ambo haijapata kuenea kwenye risiti.
Kwangu ni Michenzani, ghorofa ya nne,
na chakula changu (nikavuta droo) ni hiki:
muhogo wa nazi, kipande cha papa mkavu,
ndani ya kopo la siagi lililokwishasahau siagi.

Akaburuta kiti. Kijiko kimoja, zamu kwa zamu,
huku simu ya chumba namba tano inalia.
Walitaka taulo. Taulo zikangoja.
Akasema kwao ndizi ndiyo chakula,
muhogo ni hadithi ya miaka ya njaa,
akasema hayo akachota tena,
akakwangua na pembeni.

Ingefaa niishie hapo. Lakini alijifuta mdomo,
akasimama, akatengeneza kanga yake mabegani:
"Haya, nirudilie ile ya taa ya buluu."

Alirejea saa sita kasoro robo, magoti yote mazima.
"Ni kumi na mbili," akanambia. "Umewapotosha watu
miaka saba, Mgeni. Ya mwisho iko nje ya mlango."
Akaniwekea risiti mezani, akapanda kulala.

Kando ya Darajani, kwenye ule ukingo mweupe,
alikuwa amechora jumba refu lenye madirisha mengi,
na ghorofa ya nne ameitia tiki
kwa wino mwekundu.
Kalamu nyekundu aliitoa wapi usiku ule, sijui.
Nadhani walimu husafiri nazo.